Neno "ceann" la Kiairishi: kichwa, mwisho, paa na "moja". Asili na sarufi yake

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninaishi Galway, magharibi ya Ayalandi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikihudhuria darasa la jioni la Kiairishi. Hakuna neno lililonishughulisha kuliko ceann. Siku ya kwanza tulifundishwa kwamba maana yake ni kichwa, na jambo likaonekana limekwisha. Wiki ya pili mwalimu akaniuliza nina vitabu vingapi, akataka nimjibu tá trí cinn agam, yaani ninavyo vitatu, na katika jibu hilo "vichwa" vikawa vimeingia pasipo mtu kueleza vimeingiaje. Mwezi haujaisha nikasoma tangazo la mkutano utakaofanyika i gceann seachtaine, baada ya wiki moja. Nikasikia nyumba iliyoezekwa kwa nyasi ikiitwa teach ceann tuí. Na kwenye taarifa ya habari Spika wa bunge lao, Dáil Éireann, akatajwa kama Ceann Comhairle.

Vitabu vya kujifunzia lugha hii, ambavyo karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, huzipanga maana hizo kana kwamba ni maneno matano yaliyofanana kwa bahati. Mimi nashikilia kwamba ni neno moja tu, na kwamba msemaji wa Kiswahili anaweza kuliona hivyo mapema kuliko wanafunzi wengine wengi, kwa kuwa lugha yake mwenyewe hufanya mambo mawili yaleyale: hulibadilisha neno mwanzoni badala ya mwishoni, na hutazama kwanza kinachohesabiwa ni cha aina gani kabla ya kukihesabu. Naomba mnivumilie, maana maelezo ni marefu.

Nianze na asili. Lugha za Kiselti zote zilitokana na lugha moja ya kale ambayo wataalamu wameijenga upya kwa kulinganisha watoto wake, na katika lugha hiyo kichwa kiliitwa kwennom. Ile sauti kw ya mwanzo ndiyo iliyozigawa lugha hizo. Kwa Waairishi ilikuja kuwa k, na kwa Wawelishi ikawa p. Ndiyo maana kichwa ni ceann kwa Kiairishi na pen kwa Kiwelishi, mwana ni mac huku na mab kule (p yake ililainika baadaye kuwa b), nne ni ceathair huku na pedwar kule, tano ni cúig huku na pump kule. Lugha ya Wagali walioishi Ufaransa ya leo ilisimama upande wa p, nayo ilisema penno. Mwandishi Mroma wa mambo ya kilimo, Columella, aliyeishi katika karne ya 1, alitaja kipimo chao cha shamba kiitwacho arepennis, neno ambalo ndani yake mna hicho kichwa kwa maana ya ncha ya shamba, na kipimo hicho kilidumu katika Kifaransa kwa jina la arpent kwa mamia ya miaka baada ya lugha ya Wagali kufa. Nje ya lugha za Kiselti, wataalamu hawajakubaliana kama neno hili lina ndugu yeyote katika lugha nyingine za Ulaya.

Hatua ya kati, kabla kw haijageuka kuwa k kwa Waairishi, tunaweza kuiona kwa macho. Kati ya karne ya 4 na ya 7 Waairishi walichonga majina ya watu kwenye kingo za mawe kwa maandishi ya mistari yaitwayo ogam, na maandishi hayo yalikuwa na herufi mbili tofauti, moja ya sauti k na nyingine ya sauti kw, ambayo wachapishaji wa leo huiandika Q. Miongoni mwa majina yaliyochongwa limo QENUVENDI, la mtu wa "kichwa cheupe". Baadaye sauti hizo mbili ziliungana, na Kiairishi cha Kale kikaandika cenn. Herufi a iliyomo katika tahajia ya leo, ceann, haikuongezwa kwa sababu ya sauti yake yenyewe tu; inamwambia msomaji kwamba nn hutamkwa nzito, ilhali e iliyo kando ya c inaonyesha kwamba c hutamkwa kwa ulimi uliosogea mbele, karibu na ky. Hapa Galway na maeneo ya jirani husema kitu kama kyaan. Kusini, Munster, husema kyaun. Kaskazini, Ulster, huifupisha kuwa kyan.

Nitaje pia neno moja lililozaliwa humo ndani, kwa sababu nalipenda sana. Ubongo kwa Kiairishi ni inchinn, na ukilifungua unakuta "kilichomo kichwani". Neno hilo lina kisa. Palikuwa na mwanachuoni aliyeitwa Cenn Fáelad, jina ambalo lenyewe linaanza na kichwa, aliyefariki mwaka 679. Masimulizi ya kale yanasema kwamba alipigwa kichwani katika vita vya Mag Rath mwaka 637, akapelekwa kutibiwa mahali palipokutana njia tatu katikati ya nyumba za walimu watatu, mmoja wa sheria za wenyeji, mmoja wa ushairi na mmoja wa elimu ya Kilatini. Jeraha lilimwondolea, wanasema, "ubongo wa kusahau". Kila alichokisikia mchana alikihifadhi, na usiku alikiandika. Sehemu ya kitabu cha kale cha sarufi ya Kiairishi, Auraicept na n-Éces, inahusishwa na jina lake. Sisemi kwamba kisa hiki ni historia iliyothibitishwa, lakini kwamba Waairishi walimpa mwanasarufi wao wa mwanzo jina la kichwa na jeraha la kichwa ni jambo ambalo siwezi kulipita bila kulitaja.

Sasa sarufi. Mtu akifungua kamusi kutafuta gceann au cheann hataliona, kama vile Mwairishi akitafuta "watoto" chini ya W hatalipata. Neno la msingi limeanzia c, na kinachoonekana mbele yake ni matokeo ya neno lililotangulia. Kuna mabadiliko mawili. La kwanza huitwa séimhiú, nalo huilegeza konsonanti: ceann huwa cheann, na mwanzo wake husikika karibu na hy. La pili huitwa urú, nalo huifunika konsonanti kwa nyingine: ceann huwa gceann, na kinachotamkwa ni g tu, huku c ikibaki katika maandishi ili msomaji ajue neno limetoka wapi. Mabadiliko haya yanabeba maana kamili. A cheann ni kichwa chake mwanamume, a ceann ni kichwa chake mwanamke, a gceann ni kichwa chao. Neno a ni lilelile mara tatu, na tofauti yote imehamia kwenye herufi ya kwanza ya neno linalofuata.

Sababu yake ni ya kihistoria na inapendeza. Zamani hayo maneno matatu ya umiliki hayakuwa sawa: la mwanamume liliishia kwa irabu, la mwanamke kwa s, la wengi kwa sauti ya puani. Irabu iliilegeza k iliyoifuata, s haikuigusa, na sauti ya puani iliigeuza kuwa g. Kisha miisho ikadondoka, lakini alama zake zikabaki kwenye neno la pili. Msemaji wa Kiswahili asishangae, kwa maana tunalo jambo la ukoo huo: vitu viwili lakini nyumba mbili, mti mrefu lakini kamba ndefu, ulimi mmoja lakini ndimi nyingi. Sauti ya puani iliyotangulia imeigeuza w kuwa b na l kuwa d, na mtoto wa miaka mitatu hulifanya hilo bila kufundishwa.

Nitaendelea na suala la kuhesabu baada ya kusikia maoni yenu, kwa sababu hapo ndipo neno hili linapoonyesha nguvu yake yote.

Mchangiaji wa 1

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa mada nzito. Mimi ni mtu wa Mombasa, na ulipoeleza kwamba ndugu wawili waligawana k na p, nilikumbuka kwamba sisi wenyewe tumegawana katika neno lilelile. Kwa Kimvita na katika tenzi za kale kichwa ni kitwa, na Kiswahili sanifu kilichokulia Unguja husema kichwa. Ukivuka kwenda bara unaikuta ile t tena: Waganda husema omutwe, Wanyarwanda umutwe. Je, huko Ayalandi nako lahaja zinahitilafiana katika maana, au ni katika matamshi tu?

Mwanzisha uzi

Shukrani, ndugu yangu, mfano wako wa kitwa na kichwa ni bora kuliko wowote niliokuwa nao. Katika maana za msingi lahaja zote ziko pamoja. Tofauti kubwa ni matamshi na baadhi ya vifungu. Waskoti wa nyanda za juu, ambao lugha yao ilitoka Ayalandi, nao huandika ceann, na watu wa kisiwa cha Man huandika kione, kwa tahajia waliyoiazima kwa Kiingereza. Kwa kuyaona tu maandishi hayo mtu angedhani ni neno jingine.

Sasa niende kwenye kuhesabu.

Kiairishi kina njia tatu za kutaja idadi, na mgeni hulazimika kuzijua zote. Ukitaja namba tupu, kama namba ya nyumba au ya simu, unatanguliza a: a haon, a dó, a trí. Ukihesabu watu, unatumia majina maalumu ambayo hayatumiki kwa kitu kingine: beirt ni wawili, triúr ni watatu, ceathrar ni wanne, hadi deichniúr, watu kumi. Ukihesabu vitu au wanyama bila kuvitaja tena, unatumia ceann. Mtu akiuliza una watoto wangapi, jibu ni triúr. Akiuliza una ng'ombe wangapi, jibu ni trí cinn, vichwa vitatu. Wenzangu darasani, waliokuwa wakitafuta neno moja la Kiingereza lenye kutosha mahali pote, waliteseka na jambo hili kwa majuma. Mimi nililielewa siku ileile, maana kwa Kiswahili pia siwezi kujibu "tatu" nikiulizwa idadi ya watoto. Lazima niseme watatu, na kama ni vitabu, vitatu, na tatu tupu ni ya ubaoni na ya simu. Ngeli ya watu tumeitenga na ngeli ya vitu. Wao wametenga jambo hilohilo kwa njia nyingine, kwa kuweka kichwa pale ambapo sisi tunaweka kiambishi.

Kwa nini kichwa? Chanzo kilicho dhahiri zaidi ni mifugo. Katika Ayalandi ya kale ng'ombe ndiye aliyekuwa kipimo cha mali, na sheria zao zilikadiria fidia na hadhi kwa ng'ombe wa maziwa. Mifugo huhesabiwa kwa vichwa, na mpaka leo mtu husema trí cinn de bha, vichwa vitatu vya ng'ombe. Kutoka hapo kichwa kilihamia kwenye kondoo, mayai, viti, barua, hata mawazo. Leo an ceann sin ni "kile" au "lile" au "ule", kwa chochote kisicho mtu. Gach ceann ni kila kimoja. Na muuzaji sokoni akisema euro an ceann anamaanisha yuro moja kwa kila kimoja. Kwa mtu husemwa duine, si ceann.

Kuna jambo la sarufi hapa ambalo hata wazawa hulikosea wakiandika. Kwa kawaida nomino ya Kiairishi ikitanguliwa na idadi hubaki katika umoja: paka watatu ni trí chat, kwa neno-kwa-neno "tatu paka-mmoja", na c imelegezwa. Ceann haifuati sheria hiyo. Pamoja na maneno machache ya vipimo, kama bliain, mwaka, na seachtain, wiki, lenyewe huingia katika wingi kuanzia tatu hadi kumi, na likiwa katika wingi halilegezwi: trí cinn, ceithre cinn, cúig cinn, sé cinn. Ikifika saba urú huingia: seacht gcinn, ocht gcinn, naoi gcinn, deich gcinn. Mbili husimama peke yake, dhá cheann, katika umoja na pamoja na ulegezaji. Kisha ishirini inarudi kwenye umoja, fiche ceann. Namba za saba, tisa na kumi zamani ziliishia kwa sauti ya puani, na nane ikazifuata kwa mazoea ya kuhesabiwa katikati yao.

Nasi tuna mpaka wetu katika namba, ijapokuwa sababu yake ni nyingine. Tunasema vitabu viwili, vitatu, vinne, vitano, vinane, lakini sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabu, hazikubali kiambishi, na kumi nayo haikikubali.

Tofauti moja nisiifiche. Sisi tukisema "kile cheusi" tunaendelea kukumbuka kwamba ni kiatu, na tukisema "ule mweusi" tunakumbuka kwamba ni mkoba. Ceann husahau. Kiatu, bróg, ni neno la jinsia ya kike, hivyo kiatu cheusi ni an bhróg dhubh, kwa ulegezaji mara mbili. Lakini nikisema "kile cheusi" nasema an ceann dubh, bila ulegezaji wowote, kwa sababu sifa inafuata kichwa, ambacho ni cha jinsia ya kiume, haifuati kiatu.

Mchangiaji wa 2

Naomba ufafanuzi. Nimejaribu kufuatilia katika kamusi nikakuta ceann na cionn vimewekwa mahali pawili tofauti, na cionn limeelezwa kuwa lipo katika os cionn, "juu ya". Wewe unasema ni neno moja. Unawezaje kulishikilia hilo ikiwa kamusi imeyatenga?

Mwanzisha uzi

Swali lako ni la haki, dada, na kamusi haikukosea. Imeyatenga ili kumsaidia mtafutaji. Lakini kwa asili ni maumbo mawili ya neno moja. Kiairishi cha Kale kilikuwa na umbo maalumu la nomino baada ya vihusishi vingi, na umbo hilo la cenn lilikuwa ciunn. Katika maneno mengi umbo hilo limekufa. Katika ceann limesalia kwenye vifungu vilivyoganda: os cionn, juu ya, dá chionn sin, kwa sababu hiyo, thar cionn, ambacho leo humaanisha "bora sana". Umbo la umilikishi, cinn, bado li hai: maumivu ya kichwa ni tinneas cinn, na utosi ni mullach an chinn.

Ukitaka kuona kwamba os cionn bado ni "kichwani pa", tazama linavyofanya likikutana na kiwakilishi. Halisemi "juu mimi", husema os mo chionn, "juu ya kichwa changu", hata kama kinachozungumzwa ni taa iliyoning'inia mita tatu juu. Na kwa wengi ni os ár gcionn, juu yetu. Sisi nasi tuna maneno yaliyoganda hivyo. Chini yetu ilitokana na neno la ardhi, lilelile lililomo katika nchi, likaongezwa -ni, na leo hakuna anayefikiria ardhi akisema "chini ya meza".

Umbo hilohilo la kale limebaki pia katika majina ya mahali. Mji wa Kinsale, kusini katika jimbo la Cork, ambako mwaka 1601 majeshi ya Waairishi na Wahispania yalishindwa na Waingereza, kwa Kiairishi ni Cionn tSáile, "kwenye kichwa cha maji ya chumvi". Ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa ni Cionn Mhálanna. Watu walizoea kusema "niko kwenye kichwa cha..." na umbo la mahali likawa ndilo jina lenyewe, kama ambavyo Forodhani na Kilimani zimebaki na -ni yake hata mtu asipokuwa huko. Ceann tíre, "kichwa cha nchi", ni nomino ya kawaida ya rasi, na rasi ndefu ya Skoti iitwayo Kintyre ni maneno hayohayo mawili. Hapa mswahili wa pwani atakuwa ameshanitangulia: rasi yetu yenyewe, kama katika Ras Kutani na Ras Nungwi, ni neno la Kiarabu la kichwa, na rasilimali ni "kichwa cha mali".

Mchangiaji wa 3

Mimi nina swali fupi. Jina Kennedy, ambalo Kenya ni jina la kwanza la wanaume wengi, je, lina uhusiano na kichwa hicho? Na Kenneth je?

Mwanzisha uzi

Kennedy ndiyo, Kenneth hapana.

Kennedy ni ukoo wa Ó Cinnéide, "mjukuu wa Cinnéide", na katika Kiairishi cha Kale jina hilo liliandikwa Cennétig. Sehemu ya kwanza ni kichwa. Sehemu ya pili wengi huisoma kuwa "-baya wa sura", na wengine huihusisha na vazi la vita, ili maana iwe mtu mwenye chapeo kichwani. Cennétig aliye maarufu zaidi ni baba yake Brian Bóruma, mfalme aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Kenneth lilitoka kwa majina mawili mengine ya Kigaeli, Coinneach, linalotokana na neno la uzuri wa sura, na Cináed, na hakuna kati yao lililo na ceann ndani yake. Kufanana kwa sauti kumewapotosha wengi.

Mchangiaji wa 4

Ninaandika kutoka Kigali. Maelezo ya Spika kuitwa "kichwa" yamenivutia kwa sababu kwa Kinyarwanda bunge letu lina mabaraza mawili, na kila moja huitwa umutwe, yaani kichwa: Umutwe w'Abadepite na Umutwe wa Sena. Kwetu kichwa ni baraza zima, kwao ni mtu mmoja. Lakini bado sijaona vizuri jinsi kichwa kinavyoweza kuwa mwisho. Kwangu mimi kichwa ni mwanzo.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Kigali, mfano huo sikuwa nikiujua na umenifaa sana. Ceann Comhairle ni "kichwa cha baraza", na cheo hicho kilianza na kikao cha kwanza cha Dáil tarehe 21 Januari 1919, chini ya Cathal Brugha. Waairishi wanaozungumza Kiingereza hulitumia jina hilo bila kulitafsiri. Mwanamke wa kwanza kukishika, Verona Murphy, alichaguliwa Desemba 2024.

Kuhusu mwisho, fikiria kamba iliyolala chini. Ina ncha mbili, na hakuna inayostahili kuitwa mwanzo kuliko nyingine. Kwa Kiairishi kila ncha ni ceann, na kamba ina dhá cheann. Mtu anayesafiri ó cheann ceann na tíre anatoka kichwa hadi kichwa cha nchi, yaani nchi nzima kutoka pembe hadi pembe. Kichwa hapa ni pale kitu kinapokomea, upande wowote ule, na paa nalo ni pale nyumba inapokomea kwa juu. Teach ceann tuí ni nyumba ambayo kichwa chake ni nyasi, kama nyumba zetu za makuti.

Wakati nao hutazamwa kama kamba. Wiki ninayoiingia leo ina ncha huku nilipo na ncha kule ninakoelekea, na ile ya kule ndiyo inayotajwa. Kinachobadilisha maana ni kihusishi. I gceann seachtaine: nikishafika kwenye ncha ya wiki, yaani wiki moja kuanzia sasa. Go ceann seachtaine: mpaka kwenye ncha ya wiki, yaani kwa muda wa wiki nzima ijayo. Ukisema beidh mé ar ais i gceann seachtaine umeahidi kurudi baada ya wiki moja. Ukisema beidh mé anseo go ceann seachtaine umeahidi kubaki hapa wiki nzima. Nimewahi kuyachanganya hayo mawili nikimweleza mwenye nyumba siku nitakayohama, na alinielewa kinyume kabisa, ikabidi tukae mezani na kalenda. Angalieni pia kwamba i imeleta urú, gceann, kwa sababu ni ile in ya kale yenye sauti ya puani, ilhali go haikuligusa neno. Na wiki iliyofuata, seachtaine, imo katika umilikishi: "kichwani pa wiki".

Thar ceann, "kwa niaba ya", nayo hukaa vizuri katika mpangilio huu. Anayesema thar mo cheann, kwa niaba yangu, maneno yake yamepita juu ya kichwa changu kwenda kwa msikilizaji.

Mchangiaji wa 2

Sasa nimeridhika kuhusu cionn. Nilibaki na jambo moja la matumizi: mtu akitaka kusema "moja tu", kama kikombe kimoja tu, huanzaje?

Mwanzisha uzi

Husema ceann amháin, na hicho ndicho kinachosikika madukani kila siku. Aon cheann ukilitumia peke yake mara nyingi huwa "chochote" au, katika ukanushi, "hata kimoja": níl aon cheann agam, sina hata kimoja. Ukitaka kulisisitiza moja, unazungushia neno pande zote mbili, aon cheann amháin. Na kwa mtu, dada, usisahau kwamba kichwa hakitumiki: mmoja wao akiwa mtu ni duine acu, akiwa kikombe ni ceann acu.